Umenunua makala zilizoandikwa tayari? Usibadilishe maneno, zihoji kwanza

Mwaka juzi nilinunua pakiti ya makala 25 za kilimo cha zabibu, za Kiingereza, dola 12, kama elfu thelathini hivi kwa hela yetu. Ni zile wanaita PLR, yaani mtu anaandika afu anauza haki ya kuzitumia kwa watu wengi tu, na we ukishanunua unaruhusiwa kubadilisha na kuweka jina lako. Nina kibanda cha miche na pembejeo hapa Dodoma, wateja wangu niko nao kwenye grupu la WhatsApp na kila wiki nawatumia maelezo kidogo, wasio na simu janja nawaprintia karatasi. Nikaona hapa nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikachukua makala ya kwanza, nikaitupia Google Translate, nikabadilisha maneno mawili matatu, jina la duka chini, nikatuma.

Baada ya siku mbili akaja mzee mmoja wa Hombolo na karatasi imekunjwa mara nne mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Hii chemchemi unayosema humu iko wapi? Maana sisi kule tuna bwawa tu."

Nikasoma. Kweli nimeandika "pogoa mizabibu yako mwishoni mwa majira ya baridi, kabla ya chemchemi". Kwa Kiingereza majira ya miti kuchipua na maji yanayobubujika ardhini ni neno moja, mashine ikachagua maji, na mimi nilikuwa hata sijasoma vizuri kabla ya kutuma. Mzee alicheka, mi nilitamani ardhi ipasuke. Ila kilichoniuma zaidi sio ile chemchemi, ni alichosema akiwa anatoka: "Kwani we hujawahi kupogoa?" Nimepogoa tangu niko mtoto! Shamba la baba liko Mpunguzi. Najua kila kitu kilichokuwa kinatakiwa kwenye ile karatasi na sikuweka hata kimoja, nikaweka vya mtu ambaye hajawahi kukanyaga huku.

Kwahiyo haya ni maelezo ya jinsi ninavyofanya sa hivi. Mifano yangu itakuwa ya zabibu na kuku maana ndo ninavyovijua, ila hata kama we unaandika mambo ya nywele, ya harusi, ya fundi bomba, njia ni ileile. (Nilitaka kutumia neno kubinafsisha, afu nikakumbuka sisi Watanzania tukisikia hilo neno tunawaza mashirika ya umma yaliyouzwa, basi tuseme tu kuifanya iwe yako.)

Kwanza soma haki ulizonunua. Sehemu hii inachosha na watu wengi wanairuka. Ndani ya pakiti huwa kuna faili dogo la laisensi, mara nyingi ukurasa mmoja, lifungue. Tafuta majibu ya maswali haya: naruhusiwa kubadilisha? naruhusiwa kuweka jina langu kama mwandishi? naruhusiwa kutafsiri? naruhusiwa kuwagawia watu bure, au kuuza tu? na picha je, zimo kwenye hiyo haki au ni za mtu mwingine? Kuna pakiti zinaitwa za haki ya kuuza tena, hizo mara nyingi unaweza kuuza kama zilivyo lakini huruhusiwi kugusa hata nukta. Sio sawa na PLR, usichanganye. Kuhusu kutafsiri, kama laisensi imekaa kimya muulize muuzaji kwa imeili na jibu lake ulitunze. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi, sio kwamba ukigeuza Kiswahili basi imeshakuwa yako. Na makala uliyoikuta tu mtandaoni inasomwa bure sio PLR hata kidogo, bure kusoma na bure kuchukua ni vitu viwili. Hapo imeisha, tuendelee.

Sasa utamu wenyewe. Watu wengi wakipata makala ya tayari wanachofanya ni kubadilisha maneno. "Muhimu" inakuwa "ya lazima", "mkulima" inakuwa "mfugaji na mkulima", sentensi ya tatu inapanda kuwa ya kwanza, mwisho unapata makala ileile imevaa shati lingine. Msomaji anaijua hata kama hawezi kukwambia kwa nini, anasoma mistari minne anaona humu hakuna mtu, anafunga. Siku hizi ndo imekuwa rahisi zaidi, unaiambia ChatGPT "andika upya kwa Kiswahili" na inakuletea Kiswahili safi kabisa, hakina hata chemchemi, ila bado humu hakuna mtu, maana haijui udongo wa kwenu na haijui nani alikuja dukani juzi.

Mi nafanya hivi: kila sentensi ya makala naigeuza swali. Basi. Naprinti makala nzima, nakaa na kalamu nyekundu, kila sentensi naandika pembeni swali lake la "kwetu je?" Makala inasema maji gani, naandika: kwetu je, maji yanatoka wapi? Inasema uza Jumamosi kwenye soko la wakulima, naandika: kwetu je, nani ananunua? Yaani ile makala haikupi majibu, inakupa maswali. Mtu aliyeiandika alikuwa na mpangilio mzuri kichwani, ameanza na udongo, akaja miche, nafasi, nguzo na waya, kupogoa, magonjwa, kuvuna. Huo mpangilio ndo umenunua kwa elfu thelathini, na una thamani kwelikweli, maana mimi mwenyewe ningeanza kuandika kutoka kichwani ningesahau nguzo kabisa nikaenda moja kwa moja kwenye magonjwa. Majibu ni kazi yako.

Utakuta sentensi zinaangukia mafungu matatu. Kuna ambazo ni kweli popote, mfano maji yaliyotuama yanaozesha mizizi, hizo unazibakiza ila kwa maneno yako. Kuna ambazo ni kweli kule na uongo huku, hizo ndo dhahabu, nitaeleza. Na kuna ambazo hazisemi chochote, "kilimo cha zabibu kimekuwa maarufu sana miaka ya karibuni duniani kote na watu wengi wanapenda", hizo futa zote bila huruma. Makala yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 1,200, nilipofuta maneno ya kujazia zikabaki kama 450. Usiogope. Hao waandishi mara nyingi wanalipwa kwa idadi ya maneno, lazima wajaze, we hulipwi kwa idadi.

Sasa yale ya fungu la pili. Makala ilisema, nikiirudisha kwa Kiswahili cha kueleweka: pogoa wakati mmea umelala, mwishoni mwa baridi, utavuna kuanzia Septemba. Huo ni ukweli kabisa, kwa Ufaransa au Marekani. Kule kuna baridi ya kuangusha majani yote, mzabibu unalala wenyewe, mavuno ni mara moja kwa mwaka. Nikaandika pembeni: kwetu je, unalala? Na hapo ndo nikaanza kuandika, bila hata kuangalia tena ile karatasi, nikapata hii:

"Mzabibu wa Dodoma haulali usingizi wa kweli maana hatuna baridi ya kuulaza, hiyo baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba ni ya kuvaa sweta tu. Anayeuamsha ni wewe na mkasi wako. Ukipogoa leo, hesabu miezi kama minne ndo uvune, kutegemea na aina. Ndo maana sisi tunavuna mara mbili, mwezi wa pili hadi wa tatu, na mwezi wa nane hadi wa tisa, wenzetu Ulaya wanavuna mara moja. Kwahiyo usiulize nipogoe mwezi gani, jiulize nataka kuvuna mwezi gani afu rudi nyuma miezi minne. Na ukumbuke mavuno ya mwezi wa pili yanakua ndani ya mvua, ugonjwa wa ubwiri utakusumbua na dawa itakula hela, haya ya mwezi wa nane yanaiva kiangazi, sukari inapanda vizuri."

Hio aya haipo kwenye pakiti. Haipo kwenye pakiti yoyote duniani labda. Lakini nisingeiandika bila ile sentensi yao ya kosa, maana mi kupogoa naona kitu cha kawaida, sikuwahi kufikiri kuna mtu anahitaji kuelezwa kwamba mzabibu wetu haulali. Unaona inavyofanya kazi? Kosa lao kwa mazingira yako linakuonyesha kitu ambacho unakijua bila kujua kwamba unakijua. Kwahiyo ukisoma makala ya kununua na ukakuta mahali unasema "aah huku sio hivyo", usikasirike, simama hapohapo, weka nyota. Hapo ndo makala yako inaanzia. Mimi siku hizi hata mpangilio nabadilisha, ile yenye nyota nyingi naipandisha juu kabisa.

Nikafanya hivohivo kwa kuku. Makala ilisema wiki ya kwanza vifaranga wakae kwenye joto la nyuzi 95 afu upunguze nyuzi 5 kila wiki, tumia taa ya joto ya wati 250. Mtu akitafsiri kichwakichwa vifaranga wanaiva, maana hizo ni Fahrenheit, kwa Selsiasi ni 35, na unapunguza kama 3 kila wiki. Hilo ni la vipimo tu. Swali lenyewe ni "kwetu je, joto linatoka wapi?" Nani Chamwino vijijini ana taa ya wati 250, na umeme ukikatika saa nane usiku? Huku watu wanatumia jiko la mkaa au chungu cha makaa. Kwahiyo makala yangu nusu nzima ikawa ya jiko: liweke juu ya matofali, lizungushie wavu vifaranga wasiingie, acha upenyo wa hewa juu maana moshi wa mkaa unaua vifaranga na unaua hata wewe ukilala humo, na usiku wa mwezi wa saba ule upepo wa Dodoma ukianza ziba upande unaotoka upepo kwa viroba. Na kipimajoto kama huna angalia vifaranga wenyewe, wakijikusanya karibu na jiko kama wanagombania kitu wana baridi, wakikimbilia ukutani wanahema wana joto. Hiyo ya mwisho ilikuwemo kwenye makala yao, nimeibakiza, ni kweli popote.

Vipimo niseme kidogo maana ndo vinaumbua watu. Pitia makala nzima utafute kila namba, futi, inchi, galoni, paundi, dola, nyuzi, usiache hata moja. Na usiishie kugeuza, ipeleke mpaka kwenye kitu ambacho msomaji anakishika mkononi. Galoni 5 za Kimarekani ni lita 19, lakini usiandike lita 19, andika ndoo kubwa isijae sana. Nafasi ya futi 8 kwa 6 ni mita 2.4 kwa 1.8, sawa, ila mteja wangu anachotaka kujua ni miche mingapi kwa ekari, nikapiga hesabu ikaja kama 900, nikaandika miche 900. Hapo anajua aje na hela ngapi. Ila kabla sijaiandika hio nafasi niliuliza kwanza kwa wenye mashamba kama huku wanapanda hivo, maana namba ikigeuzwa vizuri inaweza bado kuwa namba ya kwingine. Sisi tuna bahati tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI pale Makutupora, mambo ya nafasi na aina za miche ni bora uulize wao kuliko kuamini pakiti ya dola 12. Kama fani yako nyingine, na wewe lazima kuna mtu wa kumuuliza, fundi mkongwe, nesi, mwalimu.

Halafu hadithi za watu. Makala hizi zinapenda kuanza na "Susan wa Ohio alikuwa amekata tamaa na bustani yake mpaka siku moja". Nimeona wenzangu wanamgeuza Susan anakuwa Mama Neema wa Kongwa, wanadhani wameshaifanya ya kwao. Jamani hapana! Huo ni uongo, na Dodoma ni mji mdogo kuliko unavyodhani pamoja na kwamba ni makao makuu, mtu wa Kongwa atakuuliza Mama Neema yupi, wa upande gani, mtoto wa nani, utaanza kutafuta pa kuangalia. Susan mfute. Kama una kisa cha kweli weka, mwombe ruhusa mwenyewe au ficha jina. Kama huna, weka kosa lako. Mi niliweka la mwaka niliochelewa kupiga salfa, dawa ya ubwiri, kwa sababu nilikuwa msibani Singida siku tano, narudi nakuta vishada vyeupe kama vimemwagiwa unga wa ngano. Hio ndo sehemu watu wameniulizia zaidi kuliko zote, na wala sijaonekana mjinga, watu walianza kunihadithia ya kwao. Na vilevile kama makala inasema "nimekuwa mkulima kwa miaka 20" na we una mitano, andika mitano. Mitano ya hapa inatosha.

Sauti sasa. Wengine wakianza kuandika wanageuka watangazaji wa taarifa ya habari, "aidha, ni vyema ikafahamika kuwa". Dawa yake mi naona ni moja. Ukishamaliza kujibu maswali yako, funga karatasi, chukua simu, rekodi voice note kama unamtumia mtu mmoja unayemjua, mi namtumia mama mkubwa wa Mpunguzi, nasema yote bila kusoma. Afu naisikiliza naandika nilivyosema, natoa tu zile "eeh" na "sa sikia". Maneno ya kitabuni yanajiondoa yenyewe, huwezi kumwambia mama mkubwa "aidha". Naye akishasikiliza ananijibu, pale aliposema "hapo sijakuelewa mwanangu" ndo narekebisha, na pale alipobisha ndo narekebisha zaidi maana kapogoa miaka mingi kuliko mimi. Ila usizidishe uenyeji nao, maneno ya Kigogo matatu kwenye kila mstari wakati nusu ya wateja wangu ni wafanyakazi waliohamia na serikali kutoka Dar, wako Ilazo na Kisasa huko wanataka mizabibu miwili mitatu ya kivuli uani, hawatoelewa. Nasalimia mbukwenyi naendelea na Kiswahili.

Kuna wanaoniuliza kama Google itawaadhibu kwa kutumia makala ambazo watu wengine pia wanazo. Kwa jinsi wenyewe wanavyoeleza, maandishi yanayofanana hayana adhabu kama adhabu, wanachofanya ni kuchagua moja la kuonyesha na mengine yanakaa chini, na lako lililokuja mwisho linaweza kuwa mojawapo ya hayo ya chini. Ila tangu Machi 2024 wana sera inayokataza kumwaga makurasa mengi yasiyomsaidia mtu ili tu yaonekane kwenye utafutaji, haijalishi yameandikwa na binadamu au mashine. Kwahiyo ukipesti makala zote 25 siku moja kama zilivyo, utakuwa unajitafutia. Njia ya kujipima ni rahisi, chukua sentensi moja ya makala yako, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute. Ikija kwa watu wengine sita, bado si yako. Na usidhani kutafsiri kunakuokoa, wote mlionunua pakiti ile mkiiweka kwenye mashine ileile mtatoka na Kiswahili kilekile, wote na chemchemi zenu.

Muda? Makala moja inanila jioni mbili. Ya kwanza kuhoji na kalamu nyekundu, ya pili kurekodi na kuandika. Kama una jioni moja tu fanya ile ya kwanza, tuma swali moja na jibu lake moja, inatosha kwa wiki. Ukiweka bei yoyote andika na tarehe pembeni yake, bei ya kilo ya zabibu ya mwezi wa pili sio ya mwezi wa nane na karatasi inakaa nyumbani kwa mtu mwaka mzima. Na faili la asili usilifute wala usiandike juu yake, fanya kopi, maana msimu ujao utarudi kulihoji tena na utakuwa na majibu mengine.

Yule mzee wa Hombolo alirudi mwezi uliopita kuchukua miche. Nikampa karatasi mpya ya kupogoa, akasoma palepale amesimama, taratibu, akafika mwisho akageuza upande wa pili ambao hauna kitu.

"Na mchwa je?"

Nikaenda kuangalia pakiti. Makala 25, hakuna hata moja yenye mchwa. Hiyo naiandika mwenyewe, yeye ndo atakuwa wa kwanza kuisoma kabla sijaituma kwa mtu.